Ndani Imechukuliwa Kuwa Sawa na Nje

Tarehe 3 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na gari lako zima, na macho yako, ambayo nasikia siku hizi ndiyo yanayokulisha, nayo mazima. Mimi huku sijambo. Kifua hakina neno, hamu ya kula ipo, usingizi unakuja wenyewe bila kuitwa. Juzi nilikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi kwa mama mshonaji, jirani yetu, namalizia dari. Akaniambia, "Mzee shuka basi, unatutia aibu sisi wenye magoti mabovu." Nikamjibu nikishuka mimi nani atapanda.

Najua miaka sita imepita. Simu sikupigii kwa sababu simu haina subira: ukinyamaza kidogo tu mtu anauliza, "Upo?" Kwenye barua mtu ananyamaza atakavyo, halafu anaanza aya mpya.

Nina swali moja. Shangazi yako ananiambia umekuwa mthamini wa nyumba, tena wa aina ya kutoingia ndani. Unasimama barabarani, unatazama, unaandika nyumba hii ina thamani kiasi gani, unaondoka. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mimi nimepaka rangi nyumba za watu miaka thelathini na minane, na hakuna hata moja niliyoitajia bei kabla sijaingia, nikanusa, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Nifafanulie hiyo kazi. Jirani ameniuliza, na nimeshamdanganya kwamba naielewa.

Sikuulizi utakuja lini. Nimeuliza kazi tu.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Ilikaa kwenye gari wiki mbili kabla sijaifungua, kwa hiyo watu wa posta usiwalaumu. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani ambao haujaona rangi tangu ujengwe. Kila asubuhi naamka nao. Ungeuona ungekosa usingizi.

Kazi ni hivi. Mwenye nyumba anataka kujua nyumba yake imefikia thamani gani. Au mwekezaji ana nyumba nyingi na anataka kujua zinaendeleaje. Hawataki gharama ya mtu kuingia na kupima kila chumba, au wapangaji hawataki kusumbuliwa. Basi wanaomba uthamini wa nje tu. Nasimama ng'ambo ya barabara dakika kumi, kumi na tano. Natazama paa kama limenyooka au limebonyea katikati. Mifereji. Nyufa kwenye pembe za madirisha. Unyevu chini ya ukuta. Umri wa rangi. Napiga picha sita, narudi ofisini, nalinganisha na nyumba zilizouzwa mtaani, naandika. Kuhusu vyumba tuna sentensi yetu moja, imechapwa tayari kwenye fomu: "Ndani haikuonekana, imechukuliwa kuwa sawa na nje." Sentensi hiyo ndiyo kinga yetu. Ndani pakiwa pameoza, sisi tulishasema hatukuona.

Kuna mwekezaji mmoja ana nyumba kumi na moja, hajawahi kuingia hata moja. Nilipompelekea picha ya ile ya saba akaniuliza, "Na hii nayo ni yangu?" Nikamwambia ni yako, na paa linavuja. Akasema, "Umejuaje na hukuingia?" Nikamwambia wapangaji wamepanga ndoo nne varandani siku ya jua kali.

Mambo hayo ya ndoo sikufundishwa na mtu wa ofisini. Nilipokuwa mdogo nakukorogea rangi, kabla hatujabisha mlango wa mtu ulikuwa unanisimamisha nje na kuniuliza, "Humu ndani kuna nini?" Nikikosea hatuingii mpaka nipate.

Mengine sina. Nililolisema siku ile mlangoni bado nimelisema.

Binti yako


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa ndoo nne. Nimemsimulia mama mshonaji, akaenda kuanua ndoo zake.

Mimi mzima kama ulivyoniacha. Kwa kuwa umeitaja siku ile, na mimi niitaje mara moja tu, kisha tuiache ikae.

Mama yako aliniomba jiko lipakwe rangi ya kiini cha yai. Hakuomba mara moja. Aliomba miaka ishirini, kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga dirisha. Mimi nikasema Jumamosi. Kweli nilikusudia Jumamosi. Lakini Jumamosi zangu zote zilikuwa na ukuta wa mtu mwingine, na fundi rangi anayepaka kwake wakati mteja anangoja hajulikani ni fundi wa nini. Kisha akaugua, kisha tukamzika.

Baada ya maziko watu walipoondoka nilikaa, nikashindwa kukaa. Mikono hii inajua jambo moja. Nikatoa vitu vyake nje varandani, kitanda, masanduku, vyombo, visirukiwe na rangi. Sikuwa navitupa. Nikaanza na jiko. Ulipokuja wiki ya pili ukakuta kitanda cha mama yako nje na nyumba nzima inanuka rangi mbichi. Ukasimama mlangoni, ukasema, "Alipokuwa hai hiyo brashi ilikuwa wapi?" Ukasema, "Sitakanyaga tena ndani ya nyumba hii." Brashi ilikuwa mkononi imejaa rangi. Niligeuka nikaendelea kupaka. Hilo la kugeuka ndilo linalonisumbua. Hayo mengine nimeshayazoea.

Sijitetei. Nakueleza kazi ilivyokwenda.

Sasa swali dogo la kiofisi. Mtu akiomba uthamini wa nje tu, anamchagua mthamini mwenyewe, au mnapangiwa? Jirani ndiye anayeuliza.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijambo, nina mafua tu, yataisha.

Mwambie jirani kwamba karani ndiye anayegawa kazi, kwa maeneo. Mtaa wenu uko kwenye eneo langu. Mwambie pia kwamba mthamini wa nje haingii ndani hata akikaribishwa. Hata kwa chai.

Ulichoandika kuhusu siku ile nimekisoma, tena zaidi ya mara moja.

Kwa umri wako bado unapanda ngazi?

Binti yako


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Natumai mafua yamekwisha. Chemsha maji yenye tangawizi, ujifukize, usicheke, yanasaidia.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ni hii. Nilijaza fomu ya ofisi yenu, Shangazi yako akaipeleka. Penye aina ya uthamini nikatia alama kwenye "nje tu". Shangazi akasema, "Kaka, nyumba huiuzi, mkopo huombi, thamani unaitaka ya nini?" Nikamwambia thamani siitaki. Akaelewa, akaikunja fomu, akaitia mkobani.

Maana uliapa kutokanyaga ndani. Maneno yako nimeyarudia miaka sita, nayajua kama jina langu, na nje haimo. Nikasema basi, kama ndani hapapatikani, acha nimpate mwanangu wa barabarani. Dakika kumi, kumi na tano. Wewe mwenyewe uliandika.

Karani akajibu kwamba mtu atakuja Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Wiki nzima kabla ya hapo nilipaka ukuta wa mbele. Jumanne nikavaa shati la mikono mirefu, nikachemsha chai nikaitia kwenye chupa, nikakaa dirishani. Nilishapanga nitakachosema: sitasema kitu. Nitatoka mpaka varandani, nisimame, unione, upige picha zako sita. Katika moja huenda ningekuwemo.

Saa tano gari likasimama ng'ambo. Niliinuka haraka kuliko inavyonifaa. Akashuka bwana wa makamo, ana kitambi na mwavuli, na mbinguni hamna wingu.

"Habari za hapa, mzee."

"Nzuri. Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Mthamini."

"Mthamini ndiye mimi, mzee."

Nikamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna. Karibu chai."

"Ahsante sana, ila mimi ni wa nje tu."

Kisha akaniomba nisogee kidogo, kwa kuwa nilikuwa naingia kwenye picha.

Alikaa dakika tisa. Nilimhesabia. Hata hapo nimepunjwa.

Ripoti imeletwa. Thamani waliyoiandika ni kubwa, mama mshonaji ameniamkia mara mbili tangu aione. Nimeitundika kwenye msumari jikoni. Sina la kuifanyia.

Chai niliinywa mwenyewe, chupa nzima, mpaka nikashindwa kulala.

Baba yako


Tarehe 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Mafua yalikwisha. Nilijifukiza.

Fomu yako ilipofika mezani kwangu nilisoma anwani nikadhani karani ananifanyia mzaha. Baba, mthamini haruhusiwi kuthamini nyumba ya mzazi wake. Ni kanuni, maana macho yake yatapendelea, au yataonea. Ilikuwa nikuandikie hilo ulipouliza kwa jina la jirani. Nilisahau, na labda sikutaka kukumbuka. Nikampa faili bwana mwenye mwavuli, nikajiambia kanuni ni kanuni. Siku hiyo kanuni ilinifaa.

Ngoja na mimi niseme langu. Nyumba yako nimeshaithamini mara nne bila kuagizwa na mtu. Kila ninapopata kazi mtaa wa pili, naja mpaka ng'ambo ya kwako, pale kwenye kibanda cha mwuza gesi, nazima gari. Dakika kumi. Paa limenyooka. Mifereji safi. Mzee amekaa varandani, anakwangua kopo. Nasema moyoni, ndani imechukuliwa kuwa sawa na nje, nawasha gari, nakwenda zangu.

Wiki iliyopita bwana mwenye mwavuli aliniletea faili niangalie picha kabla halijawekwa kabatini. Akasema, "Rangi safi hii, ila fundi kaishia njiani." Nikamwambia fundi huyo hajawahi kuishia njiani tangu azaliwe. Kisha nikatazama.

Mkono ni wako, kingo zimenyooka kama uzi. Rangi mpya inaanzia chini, inapanda, inapita juu ya madirisha kidogo, inakoma. Kutoka hapo mpaka kwenye paa ni rangi ya zamani. Nilitazama mahali inapokoma kwa muda mrefu, mpaka bwana akauliza kama kuna kosa. Inakoma pale mkono wa mtu mrefu unapofika akiwa amesimama chini. Kwenye picha ya ubavuni, ile misumari miwili ya kutundikia ngazi mitupu.

Baba, mwezi wa pili hukuwa juu ya ngazi. Hukumaliza dari ya mtu yeyote. Huwezi kupanda.

Na mimi mara nne nimekuona umekaa. Mtu aliyekaa haonyeshi mguu.

Kuna jambo jingine. Kwenye picha ya tatu, pembeni kabisa, kuna kiwiko. Shati la mikono mirefu. Hukusogea vya kutosha.

Niambie ukweli. Nitakuja Jumamosi yoyote utakayoitaja.

Binti yako


Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilikufundisha vizuri mno, nami ndiye niliyekamatwa.

Nilianguka Novemba, palepale kwa mama mshonaji, dari ikiwa imebaki pembe moja. Ni nyonga. Natembea, ila hatua zangu zinakwenda kama mtu anayefikiria kurudi. Ngazi imechukuliwa na jirani, kila nikiiomba anasema fundi hajaileta, na fundi wa ngazi mtaa huu hayupo.

Nilianza kupaka nikidhani nitapata namna ya kufika juu. Sikupata, na Jumanne ikawa imefika. Nikasema huenda hutatazama juu. Ona ujinga huo, kumwambia mthamini asitazame juu.

Lakini usije. Kwanza, fundi rangi hapokei mgeni kwenye ukuta uliofika nusu. Pili, uliapa, na sitaki uvunje neno lako kwa sababu ya nyonga yangu. Ukija kwa ajili ya nyonga utakaa nayo siku mbili, utaiuguza, utaondoka, na mlango utabaki palepale. Ukija, uje kwa lingine. Kama lingine halipo, tuandikiane hivihivi. Nimeshazoea posta, na posta imeshanizoea.

Kile kiwiko, kama inawezekana, nipatie nakala.

Baba yako


Jumamosi, tarehe 20 Juni
(Imechomekwa getini)

Baba,

Shikamoo. Afya yangu njema, ila hii karatasi itakuwa na alama za vidole vyenye vumbi, nisamehe.

Ulisema nisije. Nimefika saa tatu asubuhi, nikakuta umetoka. Mama mshonaji ameniambia Shangazi amekupeleka kwa daktari wa mifupa na mtarudi alasiri. Nikasimama ng'ambo kwenye kibanda cha gesi, kama ninavyosimama siku zote. Dakika kumi zikaisha. Mwuza gesi akatoka, akasema, "Dada, leo ni mara ya tano. Unauza nyumba au unaitongoza?" Nikaona nivuke barabara.

Nikamwomba mama mshonaji ngazi. Akasema, "Ipo, ya baba yako mwenyewe. Nimeilaza nyuma ya vitambaa, na usimwambie." Nimekwambia. Nikaibeba, nikaiegemeza ukutani, nikaijaribu kwa mguu mara tatu kama ulivyonifundisha. Debe la rangi nikaliona varandani chini ya turubai. Kilichokosekana ni brashi.

Brashi ziko ndani. Zimekuwa ndani maisha yangu yote, kwenye kopo la maziwa chini ya sinki. Nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi, ulikuwa palepale nyuma ya mita ya umeme. Nikakumbuka kwamba duka la vifaa ni hatua mia mbili kutoka hapa, nimelipita nikija, liko wazi, na brashi zimening'inia mlangoni. Nikalifikiria duka hilo kwa muda. Kisha nikafungua mlango.

Kwa hiyo sikuingia kwa ajili ya nyonga, wala si kwa ajili ya brashi.

Jiko sikuwahi kuliona likiwa kavu. Siku ile niliona rangi mbichi tu, na kitanda nje. Ni zuri, Baba. Saa nne jua linaingia kwa dirisha dogo na ukuta mzima unakuwa kama mtu anayekaribia kusema kitu. Ndivyo alivyokuwa anataka. Na nimepaona nyuma ya jiko la gesi, pale mama alipokuwa anajaribu rangi kwa kidole, ile mistari mitano aliyoichota kutoka kwenye mabaki ya makopo yako, kila mmoja wa mwaka wake. Hukupapaka. Umezungushia kingo zilizonyooka, pembe nne, kama picha ya ukutani. Ungeniambia hilo tu siku ile mlangoni, lakini sikukupa nafasi, nawe ulikuwa umegeuka.

Nimekaa kwenye kiti cha dirishani kidogo. Kutoka hapa barabara yote inaonekana, na kibanda cha gesi, na mahali ninapozima gari. Sijui kama mara zile nne uliniona. Usiniambie.

Ripoti nimeikuta msumarini. Mthamini haruhusiwi kubadili ripoti ya mwenzake, wala ya nyumba ya baba yake, kwa hiyo ukiulizwa sema hujui ni nani. Ule mstari uliochapwa nimeukata kwa kalamu. Pembeni yake nimeandika: "Ndani imeonekana." Thamani nimeiacha, sikuwa na ya kuongeza kwa tarakimu.

Kiwiko chako nimekiegemeza kwenye kopo la sukari.

Sasa napanda. Naanzia pembe ya kushoto ili ukifika getini uwe unaniona. Ukimwona mtu juu ya ngazi usipaze sauti, usinishtue, na usiniambie nashika brashi vibaya mpaka nishuke. Chai iko kwenye chupa. Inatosha watu wawili.

Mwanao